Andika Ulichokiona: Somo la Muhogo Mchungu Kutoka Masasi na Newala

Kwenye mtihani wa vitendo wa patholojia huwa kuna kituo kimoja ambacho watu wanatoka wamekunja sura. Unakuta hadubini, slaidi moja na karatasi yenye swali fupi: taja unachokiona. Swali halikuulizi ugonjwa, wala halikuulizi sumu gani imefanya kazi hiyo. Bado wengi wetu tunaandika jina la ugonjwa, tunaongeza na jina la sumu kwa kujiamini kabisa, halafu matokeo yakitoka tunaanza kulalamika kwamba mwalimu anabana maksi.

Makala hii inaeleza kwa nini swali lile limeulizwa vile, na kwa nini kwenye tawi linaloitwa patholojia ya sumu kutaja kasoro ya tishu ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Wengi tunadhani tawi hili ni la panya weupe wa kwenye maabara za Ulaya na Marekani, wanaolishwa dawa mpya kabla haijaingia sokoni. Ni kweli kazi yake kubwa iko huko. Lakini maswali yake yote utayakuta kusini mwa Tanzania, Masasi na Newala, kwenye kitu ambacho kila mtu anakijua: muhogo mchungu.

Uwanda uliokwisha kutoa jina

Tuanze na jina ambalo dunia nzima inalitumia bila kujua limetoka wapi. Mwaka 1952 watu wa Uwanda wa Makonde walianza kuugua homa ya ghafla yenye maumivu makali ya viungo. Mgonjwa alishindwa kunyooka, akatembea ameinama. Madaktari waliofika waliona inafanana na homa ya dengi, na kwa kweli magonjwa haya mawili yanafanana sana. Lakini wenyeji walikuwa na neno lao la Kimakonde, linaloeleza kitu kinachomkunja mtu: chikungunya. Mwaka 1953 kirusi chenyewe kilipatikana kutoka kwenye damu ya mgonjwa, na taarifa za kitaalamu za Marion Robinson na W.H.R. Lumsden zikachapishwa mwaka 1955. Jina likabaki lilelile la wenyeji.

Angalia vizuri neno hilo limefanya nini. Halikusema mbu. Halikusema kirusi, maana hakuna aliyekijua. Lilieleza mkao wa mgonjwa, basi. Kwa kuwa lilieleza kilichoonekana, halikuhitaji kufutwa pale chanzo kilipojulikana. Laiti wangeliita "dengi ya Newala", leo tungekuwa na jina lenye kosa ndani yake.

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya patholojia, na uwanda wetu uliitumia kabla ya hadubini kufika.

Maji, jua na muhogo

Sasa tuje kwenye muhogo. Newala iko ukingoni mwa uwanda, juu kabisa, ukitazama chini unaona bonde la Ruvuma. Masasi iko chini, upande wa magharibi, kwenye vilima vya mawe. Udongo wa juu ya uwanda ni wa kichanga na mvua ikinyesha maji yanazama moja kwa moja. Kwa miaka mingi akina mama wa huko walikuwa wakishuka mteremko kufuata maji kwenye chemchemi za chini, kisha wanapanda nayo kichwani. Kitu hiki kinaonekana hakihusiani na hadubini. Kinahusiana sana.

Muhogo una kemikali inayoitwa linamarini. Ndani ya chembe ya muhogo linamarini imehifadhiwa sehemu yake, na kimeng'enya cha kuivunja, linamarasi, kiko kwenye ukuta wa chembe. Vitu hivi viwili vinakaa jirani bila kukutana. Ukiuponda, ukiukwangua au ukiuacha ulainike, kuta zinapasuka na vinakutana. Linamarini inavunjika, kinatokea kitu cha katikati kiitwacho sianohidrini, na mwisho inatoka gesi ya sianidi ya hidrojeni. Gesi hiyo huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi, kwa hiyo kwenye hali ya hewa yetu inapotea hewani ikipewa nafasi na muda. Muhogo mtamu una linamarini kidogo. Muhogo mchungu unayo nyingi, na wakulima wanaupenda kwa sababu zao za msingi: nguruwe pori na wezi hawausumbui sana, na unavumilia ukame.

Sehemu zenye maji mengi, kama Kongo, watu huloweka muhogo siku tatu au zaidi. Unalainika, chembe zinapasuka, sumu inatoka. Juu ya uwanda maji ya kulowekea vipande vya gunia zima unayapata wapi? Ndiyo maana kusini watu wengi wanamenya, wanakata, wanaanika juani, wanapata makopa. Sasa fikiria kama mkemia: kipande kizima kikikauka juani, chembe chache tu zimepasuka. Maji yakiisha, kimeng'enya kinasimama kazi. Sehemu ya linamarini inabaki palepale, imekauka pamoja na kopa. Ukisaga, unapata unga mweupe mzuri ambao kwa macho huwezi kuujua.

Mwaka wa kawaida hiyo siyo shida kubwa, maana makopa yanakaa ghalani na mlo una mbaazi, kunde, samaki wakavu. Shida inakuja mwaka wa njaa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wilayani Masasi watu waliugua ghafla baada ya kula ugali wa muhogo: kizunguzungu, kichwa kuuma, kutapika, kuishiwa nguvu. Uchunguzi wa Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na wenzake, uliochapishwa mwaka 1992, ulionyesha kwamba muhogo ulikuwa haujaandaliwa vya kutosha. Wakati wa upungufu wa chakula watu walitumia njia ya mkato waliyoiita chinyanya: mizizi mibichi inatwangwa, inaanikwa, inatwangwa tena, ili unga upatikane upesi. Mtoto mwenye njaa hawezi kusubiri kopa likauke wiki nzima. Mama anajua muhogo mchungu una madhara, lakini anajua pia kwamba leo hakuna kingine.

Sumu isiyoacha alama

Hapa ndipo mwanapatholojia anapoanza kupata taabu. Sianidi inaua kwa kuzuia chembe zisitumie oksijeni. Oksijeni ipo kwenye damu, ila mtambo wa mwisho wa kuitumia ndani ya chembe umefungwa. Mtu akifa haraka kwa sumu hii, ukamfanyia uchunguzi wa maiti, ukachukua ini, figo, moyo na ubongo, ukapaka rangi na kuweka chini ya hadubini, mara nyingi huoni kitu cha maana. Pengine damu ni nyekundu kuliko kawaida na viungo vimejaa damu. Tishu hazikupata muda wa kuonyesha jeraha.

Maana yake ni kwamba "hakuna kasoro iliyoonekana" na "hakuna madhara" ni sentensi mbili tofauti. Ya kwanza inaeleza ulichokiona. Ya pili ni hukumu, na hadubini peke yake haina mamlaka ya kuitoa. Ripoti nzuri inaandika ya kwanza, halafu inaomba damu, mkojo na sampuli ya unga vipelekwe maabara ya kemia.

Mwili wenyewe una njia ya kujitetea. Kimeng'enya cha rodanesi, kilicho kwa wingi kwenye ini, kinaunganisha sianidi na salfa na kutengeneza thiosianati, ambayo inatoka kwenye mkojo. Salfa hiyo inatokana na protini tunazokula: maharage, kunde, samaki, nyama, mayai. (Ile salfa ya kupulizia mikorosho haina kazi hapa, wasije wakaanza kuilamba.) Ndiyo maana mkojo wenye thiosianati nyingi unatuambia mtu huyu amekuwa akila sianidi. Na ndiyo maana mtu mwenye unga mbaya na mboga hakuna yuko hatarini kuliko mwenye unga huohuo na sahani ya kunde.

Konzo: jina jingine la mkao

Mtu akila unga wenye sianidi nyingi kwa wiki kadhaa, huku mlo wake una upungufu wa protini, anaweza kupata kitu kingine kabisa. Anaamka asubuhi, miguu imekakamaa. Jana alitembea hadi shamba. Leo magoti yanagongana, anatembea kwa ncha za vidole au hatembei kabisa. Haizidi baada ya hapo, na haiponi. Wanaopata zaidi ni watoto na wanawake walio kwenye umri wa kuzaa.

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1938 na daktari Trolli kutoka Kwango, Kongo, ambako watu wanaozungumza Kiyaka waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 waliupata mkoani Nampula, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, na huko uliitwa mantakassa. Tanzania ulithibitishwa Tarime mwaka 1985, na uchunguzi wa William Howlett na wenzake ukachapishwa mwaka 1990. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaonekana kusini pia, mkoani Mtwara na wilayani Mbinga.

Unaona? Konzo nalo ni jina la mkao. Limeeleza miguu, limeacha chanzo kijitetee chenyewe.

Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilitoa vigezo vya kuutambua, vitatu tu. Kwanza, mtu anatembea au kukimbia kwa ukakamavu unaoonekana, pande zote mbili sawasawa. Pili, ulianza ghafla, ndani ya muda usiozidi wiki moja, kwa mtu aliyekuwa mzima, na haujaendelea kuzidi. Tatu, ukigonga goti au kifundo cha mguu kwa nyundo ya daktari, mguu unaruka kupita kiasi pande zote mbili, na hakuna dalili ya ugonjwa wa uti wa mgongo. Kisha kuna viwango: mwepesi ni anayetembea bila msaada, wa wastani anatumia fimbo moja au mbili, mkali hawezi kutembea.

Hakuna kigezo hata kimoja kinachosema "amekula muhogo". Walioandika hawakusahau. Ukiweka chanzo ndani ya vigezo, kila mgonjwa utakayempata atakuwa amekula muhogo, kwa sababu asiyekula umemtoa kwenye orodha wewe mwenyewe. Halafu utashangilia kwamba umethibitisha muhogo ndio chanzo. Huko ni kujizungusha. Jina likae mbali na chanzo, ili chanzo kiweze kuchunguzwa kwa haki.

Vitu vinne vinavyomdanganya mtu kwenye hadubini

Sasa turudi kwenye slaidi. Konzo ni jeraha la neva zinazoshuka kutoka kwenye ubongo kuamrisha miguu. Lakini jeraha lenyewe likoje kwenye tishu? Wagonjwa wawili wa Kongo walipigwa picha za ubongo na uti wa mgongo kwa mashine ya sumaku, taarifa ikachapishwa mwaka 1993. Picha zilikuwa za kawaida. Ubongo ulipochochewa kwa sumaku, ishara ya kwenda kwenye misuli haikufika. Yaani njia imekatika, na picha inasema barabara ni nzima. Konzo yenyewe haiui, kwa hiyo tishu za binadamu za kuchunguza ni adimu. Tunabaki na wanyama, na kwa wanyama ndipo mtaalamu wa patholojia ya sumu anapofanyia kazi.

Mwaka 2002 watafiti wa Brazil walichapisha kazi kuhusu mbuzi waliopewa sianidi kidogokidogo kwa miezi kadhaa. Kwenye ubongo na uti wa mgongo wa mbuzi hao waliona mambo matatu: chembe saidizi za neva zimeongezeka, tishu ina matundumatundu kama sifongo, na nyuzi za neva zimevimba zikawa duara, kitu kinachoitwa sferoidi. Vizuri. Lakini kila kimoja kati ya hivyo kina pacha wake wa uongo, na hapa ndipo kazi ilipo.

La kwanza ni matundu. Tundu kwenye tishu nyeupe ya ubongo linaweza kuwa jeraha la sumu. Linaweza pia kuwa limetokana na tishu kukaa kwenye alkoholi kupita kiasi wakati wa kutayarishwa. Utajuaje? Angalia wanyama wa kulinganisha, wale ambao hawakupewa sumu na tishu zao zilitayarishwa siku hiyohiyo, kwa mikono ileile. Kama nao wana matundu, lawama iende maabara. Angalia pia kama chembe za jirani zimejibu. Tishu hai ikiumia inajibu. Tishu iliyoharibiwa na alkoholi ilishakufa, haiwezi kujibu chochote.

La pili ni nyuroni nyeusi, zilizosinyaa. Mwanafunzi akiziona anaruka: nekrosisi! Kumbe ubongo ulibanwa na vidole au kutikiswa kabla ya formalini kuushika. Nyuroni iliyokufa kweli hupata rangi nyekundu ya eosini kwenye mwili wake, na kiini chake husinyaa. Hizi nyeusi za kubanwa ni maarufu kiasi kwamba kila mwalimu wa patholojia ya neva anazo za kufundishia.

La tatu ni umri. Sferoidi huonekana pia kwa panya na kwa binadamu wazee kwenye sehemu fulani za shina la ubongo, bila sumu yoyote. Kwa hiyo kuiona sferoidi moja hakutoshi. Lazima useme ziko wapi, ngapi, na kama kundi lililopewa sumu linazo nyingi kuliko kundi la kulinganisha la umri uleule.

La nne ni jua letu. Mnyama akifa saa nne asubuhi Masasi, ukamfungua saa kumi jioni, ubongo umeshaanza kuoza. Chembe zinavimba, mipaka inapotea. Kuoza huko kunafanana sana na chembe kufa mwili ukiwa hai. Tofauti kubwa ni kwamba chembe zikifa mwili ukiwa hai, tishu za pembeni zinaleta uvimbe na chembe za ulinzi. Baada ya kifo hakuna anayekuja kuzika. Dawa ni ya vitendo: fungua mapema, kata vipande vyembamba, na formalini iwe mara 10 ya ujazo wa tishu au zaidi. Usijaze kopo ubongo mzima na formalini kiduchu kama unapika mchuzi wa kugawana.

Namna ya kutaja

Baada ya kukwepa mitego hiyo, jina linaandikwaje? Kuna ngazi tatu na ni vizuri kuzitenganisha kichwani.

Ngazi ya kwanza ni ya umbo: kiungo gani, mchakato gani, umesambaa vipi, ni wa ghafla au wa muda mrefu, ukali kiasi gani. Mfano: "Uti wa mgongo, nyuzi za neva, sferoidi, pande zote mbili, kiwango kidogo." Ngazi ya pili ni ya chanzo: jeraha la neva linaloendana na sianidi. Ngazi ya tatu ni jina la ugonjwa: konzo. Swali la kituo kile cha mtihani liko ngazi ya kwanza. Ukiruka hadi ya tatu umejibu swali ambalo hukuulizwa, tena kwa kutumia ushahidi ambao slaidi haikukupa.

Neno la ukali nalo lina utaratibu. Kwa kawaida wanatumia viwango vitano: kidogo sana, kidogo, wastani, kikubwa, kikubwa sana. Kabla ya kuanza unaandika kila kiwango kina maana gani, ili slaidi ya asubuhi na ya jioni, ukiwa umechoka na njaa inauma, zipimwe kwa kipimo kimoja.

Halafu kuna maneno yanayofanana ambayo yanaleta maana tofauti. Chukua tezi ya shingo, tezi dundumio. Thiosianati ileile inayotokana na muhogo inazuia tezi kuchukua madini joto. Ubongo unaona homoni imepungua, unaipigia tezi kelele ifanye kazi zaidi. Chembe za tezi zinanenepa: hiyo ni haipatrofi. Zikiongezeka idadi: hiyo ni haipaplasia. Zikianza kukua bila kusikiliza amri: hapo tunaingia kwenye uvimbe wa saratani au usio wa saratani. Kwenye slaidi mpaka kati ya moja na nyingine ni mwembamba, na uamuzi una uzito. Haipatrofi mara nyingi inarudi hali ya kawaida chanzo kikiondolewa. Ukiandika "uvimbe", dawa inaweza kufutwa au zao zima likapewa jina baya. Isitoshe, tezi ya panya inashtuka haraka kuliko ya binadamu, kwa hiyo kinachoonekana kwa panya hakihamishwi kwa mtu bila kufikiri.

Zamani kila maabara ilikuwa na maneno yake. Kasoro moja, majina matatu, na mtu anayelinganisha ripoti anadhani ni sumu tatu. Ndipo vyama vya wataalamu vya Amerika Kaskazini, Ulaya, Uingereza na Japani vikaungana kutengeneza orodha moja ya majina na vigezo, inayojulikana kwa kifupi INHAND. Machapisho yake yalianza mwaka 2009 na mfumo wa upumuaji, ini likafuata mwaka 2010, na viungo vingine baadaye. Kanuni kubwa ndani yake ni ileile ya Kimakonde: tumia neno linaloeleza kinachoonekana, na tafsiri ya chanzo iandikwe kando, kwenye maelezo.

Jina baya linagharimu nini

Kuna mtu atasema haya ni mambo ya wasomi kubishania maneno. Basi tumtoe kwenye maabara, tumpeleke zahanati ya kijijini.

Kaletwa mtoto wa miaka minane, miguu imekakamaa tangu juzi. Mhudumu akiandika polio, atakuja mtu wa chanjo. Familia ikisema katupiwa kitu, ataitwa mganga, na kuna mama mzee wa jirani atakayeangaliwa kwa jicho baya. Akiandikiwa kifua kikuu cha mgongo, ataanzishiwa dawa za miezi mingi ambazo hazimhusu. Akiandikwa konzo, atakuja mtu kuangalia unga.

Na ule unga ndio wenye habari, maana nyumba ileile ina watoto wengine wanne wanaokula sufuria moja. Miguu ya yule wa kwanza hairudi kama zamani. Ya hao wanne bado inaweza kuokolewa wiki hiyohiyo. Jina sahihi halimtibu mgonjwa wa kwanza. Linamkinga wa pili.

Kutofautisha hakuhitaji mashine. Polio inalegeza mguu, unaning'inia, ukigonga goti halijibu, na baadaye msuli unasinyaa. Konzo inakaza, ukigonga goti linaruka. Kifua kikuu cha mgongo kina maumivu ya mgongo na mara nyingi kibyongo, na kinakuja polepole. Ugonjwa wa kirusi cha HTLV-1 nao unakaza miguu, lakini unazidi mwaka hadi mwaka. Unaofanana zaidi na konzo ni ule wa kula aina ya dengu pori huko Ethiopia wakati wa njaa, na hapo historia ya chakula ndiyo inayoamua.

Hili halihusu muhogo peke yake. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumukuvu kwenye mahindi. Mwaka 2016 Tanzania, mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua 68 na kufa 20. Macho ya njano, tumbo kujaa. Ukiandika "homa ya ini" ukaishia hapo, umeeleza kiungo lakini hujamtuma mtu yeyote kwenye ghala la mahindi.

Kinachoweza kufanyika leo

Habari njema ni kwamba kipimo cha unga ni rahisi. Kuna karatasi ndogo ya njano iliyolowekwa pikrati. Unaweka unga kidogo na maji kwenye chupa yenye kifuniko, karatasi inaning'inia ndani, unaacha usiku kucha. Sianidi ikitoka karatasi inageuka kahawia, na kadiri inavyokolea ndivyo sumu ilivyo nyingi. Kiwango kinachokubalika na FAO na WHO kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo.

Na kuna njia ya kusafisha unga isiyohitaji maji mengi, iliyobuniwa na mwanasayansi Howard Bradbury wa Australia na kufundishwa kusini mwa Tanzania kwa kushirikiana na watafiti wetu. Unachukua unga, unaunyunyizia maji hadi uwe na unyevunyevu, unautandaza mwembamba kwenye mkeka, saa mbili juani au saa tano kivulini. Kisha unasonga ugali jioni kama kawaida. Inafanya kazi kwa sababu kimeng'enya kilicholala kwenye unga mkavu kinaamshwa na maji, kinamalizia kuvunja linamarini iliyobaki, na gesi inapotea. Kwa mama wa Newala anayehesabu ndoo za maji, hiyo ni sayansi inayomfaa.

Sisi tulioko vyuoni tuna sehemu yetu. Wanaosoma udaktari wa mifugo pale Sokoine na wanaosoma udaktari Muhimbili wanapewa slaidi zilezile. Wengine tutapangiwa mafunzo kwa vitendo Mtwara, Masasi, Newala, Tandahimba. Ukifika, chukua daftari. Mtoto akiletwa, andika kwanza ulichokiona: pande zote mbili au moja, imekaza au imelegea, ilianza lini, inazidi au imesimama, goti linajibu vipi. Kisha uliza nyumbani wanapika nini, muhogo ulianikwa siku ngapi, mboga ilikuwa nini mwezi huu, na nani mwingine anakula hapo. Chanzo kiandike mstari wa chini, peke yake, pamoja na sababu zako.

Na ukirudi kwenye kituo kile cha hadubini, soma swali mara mbili kabla ya kushika kalamu.